Punje Nyeusi

Wanasema wewe ni shayiri na shayiri ni wewe,
jina moja, Halki, la mungu na la mzigo wa punda.
Basi leo umeletwa magunia sita.
Nimekuhesabu kwa vishindo:
mgongo wa mnyama ukapumua, sakafu ikapokea.

Humu katika nyumba ya kusagia, Shapinuwa, tu watu kumi na mmoja
na hatuna jicho hata moja baina yetu.
Nyapara Tatiya hufunga mlango hata hivyo.
Mazoea.

Kupiga magoti nimejifunzia hapa.
Kwetu Kashka, milimani, tulifuga nguruwe na kufuma kitani,
hatukumwinamia mtu,
na mavuno ya watu wa bondeni yalipokomaa
tulishuka na mienge.
Jiwe la kusagia halijui mila za kwetu:
upige magoti, au unga usitoke.
Kwa hiyo usiringe, Halki.
Mgongo huu umeinamia jiwe, haukukuinamia wewe.

Anniya, binti wa mwoka mikate, hutuletea maji.
Ana miaka saba, haogopi nyuso zetu.
Nikamwuliza: Umemwona hekaluni? Yukoje?
“Mdogo. Hivi,” akanigusa kiwiko hadi kidole.
“Ni wa fedha. Ameshika suke.”
Mume au mke?
Akafikiri. Nilimsikia akijikuna goti.
“Karani anasema mke, kuhani anasema mume.
Mama anasema mwenye kulisha watoto wote hawa
hana nafasi ya kuulizwa.”
Tamiti, wa jiwe la kushoto, alicheka
mpaka akapaliwa na makapi.

Gunia la nne, karibu na chini, vidole vikasita.
Vidole hujua. Punje nzima ina mfereji tumboni,
iliyoliwa na fukusi ni nyepesi kama ahadi,
kokoto ni baridi.
Hii haikuwa yoyote kati ya hizo.
Imevimba, ngozi imepasuka ubavuni.
Nikaipeleka puani.

Moshi.

Si moshi wa jikoni, ule una mafuta ndani yake, una mtu.
Huu ni wa shamba zima lililoungua likiwa limesimama,
wa usiku ule wa Kashipura, mvua imechelewa,
nami niko mbele na mwenge, kijana, nina macho mawili,
natazama masuke yakilala upande mmoja
kama watu wanaosikiliza,
kisha yakaanza kupasuka, ta, ta, ta,
nasi tukacheka, tukasema shamba linatupigia makofi.

Kumbe asubuhi yake kuna mtu alirudi.
Alipepeta majivu, akapata kibaba, labda nusu,
zilizo hai na zilizokufa pamoja,
akakitia ghalani, kwa kuwa watoto hawali hasira.
Na humo ulikuwemo.
Ghala hadi ghala, kodi hadi kodi, miaka tisa
umekuja polepole kama mdai asiye na haraka.

Nilimnyoshea Anniya kiganja. Ina rangi gani?
“Nyeusi,” alisema. “Nyeusi tii.
Kama kile kitu cha katikati ya jicho.”

Sikumjibu.
Amri ya kazi ni kuzitupa zilizoungua:
hutia unga uchungu, na mkate wa hekalu hautaki uchungu.
Niliitia chini ya ulimi. Haikulainika.
Sikukuomba msamaha, usije ukasema nilikuomba.
Nilikushika tu kinywani, kama mtu ashikavyo neno
asilojua kama ni tusi au salamu,
nikasaga magunia mawili yaliyosalia.

Jioni Tatiya alipima unga kwa pishi,
akapima tena, akagonga pishi ubavuni
lidondoke hata vumbi.
“Umetimia,” alisema,
akatoka, akafunga mlango.